Riwaya Iliyokatwa Kama Mbuzi

Mkutubi wetu alikuwa akicheka peke yake. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mtu yeyote wa mtaa wetu wa Wabera angekwambia juu yake, kabla hata hajakwambia kwamba alikuwa mkali. Unapita karibu na dirisha la maktaba mchana, jua limewafukuza watu wote barabarani, na ndani unamsikia mwanamke mtu mzima akicheka mpaka anakohoa. Ukichungulia, yuko peke yake mezani, kitabu mkononi, mtandio umemwangukia begani. Ukimuuliza, "Madam, ni nini?" atapangusa macho na kusema, "Ah, mambo ya watu." Basi. Angekueleza vipi? Ili ucheke naye ingebidi kwanza ukisome kitabu chote.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Hapa Isiolo hilo ndilo swali la kwanza mtu kuulizwa, na mara nyingi ndilo linaloharibu mazungumzo. Mimi nina duka la kupiga picha za pasipoti na kutoa kopi, mkabala na maktaba. Kwa miaka mingi nilikuwa jirani yake wa karibu kuliko wote, maana nyumbani kwake hakuna aliyekuwa akimngoja. Mimi ni Mmeru na Mkristo, yeye Mwislamu. Kila asubuhi nilimwambia, "Habari, Madam," naye akanijibu, "Njema, Bwana Kopi," na jina hilo likanikaa mpaka mke wangu akaanza kuniita hivyo akiwa amekasirika.

Alikuwa na mambo mawili yasiyokaa chungu kimoja. Ndani ya maktaba hakutaka hata mnong'ono. Aligonga meza kwa kifuniko cha kalamu, mara moja tu, na darasa zima la watoto wa shule likanyamaza. Lakini yeye mwenyewe alikuwa na njaa ya mazungumzo kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Akishafunga maktaba jioni alivuka barabara, akaketi kwenye stuli ya wateja wa picha, mbele ya kile kitambaa cheupe, akaanza. Hakuzungumzia bei ya sukari wala siasa za kaunti. Alizungumzia watu wa vitabuni kana kwamba ni wapangaji wa ploti ya pili: fulani amefanya upumbavu, fulani amemwamini mtu asiyefaa kuaminiwa hata na punda. Mimi niliitikia "Eee" na "Kumbe" na "Wacha!" huku nikikata picha. Alijua sijasoma. Aliendelea vivyo hivyo, kama mtu anayemsemesha ng'ombe akimkamua.

Vitabu alivilinda kwa wivu. Kitabu kikirudishwa alikifungua ukurasa kwa ukurasa mbele ya aliyekileta, naye akasimama hapo kama mtuhumiwa. Wengi wa wasomaji wetu hutafuna miraa, na jani la miraa ni alama nzuri sana ya kuonyesha ulipofika. "Hiki nacho kimetafuna," alikuwa akisema, akikikung'uta dirishani. Aliyekunja pembe ya ukurasa alihubiriwa mpaka akatamani angalikipoteza kitabu chenyewe. Siku moja kijana wa boda boda alileta hadithi iliyopakwa mafuta ya injini katikati. Mkutubi alimwambia kitabu si tambara la pikipiki, akamwambia na mengine ambayo sitayarudia, halafu akamuuliza, "Ulikuwa umefika wapi?"

"Hapo tu kwa mafuta, Madam."

Akamrudishia. "Enda umalize," alisema.

Nilipomwambia kwamba vitabu vilivyochakaa ningeweza kumtolea kopi, tena bure, aliniangalia kama mwizi wa kuku. "Kuna mtu alikesha akikiandika hiki," alisema. "Ukikitoa kopi umemwibia usingizi wake." Sikulitaja tena.

Alikuwa na mazoea ya kwenda matangani na vitu viwili kikapuni, sukari na riwaya. Sukari ilipokelewa vizuri. Riwaya iliwasumbua watu. Mjane mmoja wa nyuma ya soko aliigeuzageuza akauliza, "Madam, hii ni ya kusoma ama ya kuweka?" Mkutubi akamjibu, "Ni ya kukaa nayo." Nilikuwepo. Wale akina mama waliokuwa mkekani walitazamana, na mmoja akaichukua kwa heshima akaiweka juu ya kabati, karibu na picha ya marehemu. Tulipotoka nje aliniambia, bila hasira, "Unajua ni nini kibaya, Bwana Kopi? Si kwamba watu hawasomi. Ni kwamba nikimaliza kitabu hakuna mahali pa kwenda nacho."

Nasema wazi kwamba nilimhurumia siku ile. Nilimhurumia lakini sikujua la kufanya, na duka lilikuwa linaningoja.

Hapo ndipo naamini lilipoanzia lile wazo la mji mzima kusoma kitabu kimoja. Aliliita Siku ya Riwaya. Alitaka kwa msimu mmoja wachinjaji, walimu, watu wa stendi na akina mama wa soko wasome hadithi ileile, halafu wakutane uwanjani waisherehekee na kuibishania. Maafisa waliambiwa ni kwa ajili ya elimu na amani. Mimi nilijua ni kwa ajili ya nini. Alitaka mtu mmoja, hata mmoja tu, wa kumwambia, "Wewe pia umefika mwisho? Uliona vipi?"

Riwaya aliyoichagua ilikuwa ya mwanamke anayetunza bomba la maji katika mji mkavu. Yeye ndiye mwenye funguo. Nduguye anauawa katika mapigano ya malisho, na msimu wa ukame ukifika, watu wa ukoo wa waliomuua wanakuja na punda na mitungi yao kuomba maji. Mwanamke anafunga bomba. Kitabu kizima ni huko kufunga, na kinachofuata. Sikuhitaji kuelezwa kwa nini alikichagua kwa ajili ya Isiolo.

Shida ilikuwa kwamba nakala zilikuwa chache, na mchapishaji alikuwa ameacha kukichapa. Kopi, mnajua alivyoziona. Basi aliitisha mkutano maktabani, akawaalika wawakilishi wa kila kundi, akasimama mbele yao na kutoa maneno ambayo baadaye yalimponza. "Mbuzi mzima hashibishi mtu," alisema. "Akikatwa, boma lote linakula. Na hii riwaya nitaikata." Watu walipiga makofi. Ilikuwa mara ya kwanza mambo ya maktaba kusemwa kwa lugha ya kwetu.

Aliikatia dukani kwangu. Alikuja na nakala zote kikapuni, akachukua wembe, akaanza kupasua mgongoni, sura baada ya sura, mwanamke yuleyule aliyewagombeza watu kwa kukunja pembe. Mimi nilikuwa nikizipiga pini na kuzivika jalada la manila. Alifanya kazi vizuri na haraka, lakini nilimwona anatazama pembeni kila wembe unapozama. Mwishoni ilibaki nakala moja, imeshonwa upya kwa uzi, pembe zimelainika kwa kushikwa. Ilikuwa yake mwenyewe.

"Hiyo iache, Madam," nilimwambia.

"Nikiiacha yangu nzima," alisema, "nitakuwa nimekula kabla ya wageni." Akaipasua.

Kila kundi lilipewa sura yake, nakala zake zote, ili wengi waisome kwa pamoja. Mpango ulikuwa kwamba kila Jumamosi makundi yabadilishane: leo mna sura ya pili, wiki ijayo mnapokea ya tatu, mpaka mji mzima uwe umeizunguka riwaya yote. Kwaya ya kanisa ilipata mwanzo, ikatamba nao. Wachinjaji walipata mauaji ya ndugu, na kila mtu aliona inafaa. Sisi wa maduka tulipata pale katikati. Akina mama wanaouza maziwa ya ngamia walipata mwisho. Wazee wa Kiborana walipata sura ya nne, na siku ya tatu wakaja maktabani, wamevaa vizuri, na fimbo zao, wakaketi kwenye viti vya watoto.

"Madam, nagaa," alianza mkubwa wao, akimtakia amani kwa Kiborana. "Tumesomewa hii kitu, tumesikiza. Hii umetupatia ni shingo."

"Shingo vipi, mzee wangu?"

"Huyu mama anatoka nyumbani, anaenda kwa bomba, anarudi. Anafikiria. Kesho tena anaenda. Hakuna kitu inafanyika. Mgeni akichinjiwa hapewi shingo. Na sisi si wageni, sisi ni wazee."

"Shingo ndiyo inabeba kichwa, mzee."

"Hata kama. Shingo ni ya watoto."

Waliondoka baada ya chai, wamenuna, lakini vipande vyao hawakuviacha. Mkutubi alivuka barabara mbio kunisimulia, akicheka hadi akashika mlango wangu. Sikumbuki kumwona na furaha kama ile. Kwa mara ya kwanza kuna watu walikuwa wamemjia kulalamika juu ya sura ya nne.

Jumamosi ya kwanza ya kubadilishana ilipofika, aliketi nje ya maktaba na kikapu miguuni kupokea vipande. Hakuna aliyekuja. Alidhani wamesahau. Jumatatu yake nilimsindikiza kwa wachinjaji, na mmoja wao, mtu mpole anayeitikia salamu huku akinoa kisu, akamsikiliza mpaka mwisho halafu akatikisa kichwa.

"Madam, salaam aleikum, lakini hapo umetuweka pabaya. Si wewe ulisema ni nyama? Nyama ikishagawanywa, mtu harudishi kwa sahani. Na ya mwenzako huombi. Hiyo ni aibu."

"Lakini mtajuaje kilichotokea mbele?"

"Wenye mbele watatuambia hiyo siku. Si tutakuwa hapo wote?"

Alikwenda kwa kundi moja baada ya jingine. Kila mahali aliambiwa jambo lilelile kwa maneno tofauti, na kwa heshima. Watu walikuwa wameipenda sehemu yao, wameisoma mara nyingi, vijana wa boda boda wa stendi waliweza kuikariri. Lakini kwenda kwa watu wa mtaa mwingine na kusema "nipeni na yenu" lilikuwa jambo lisilowezekana, na kuitoa yako ilikuwa ni kuikataa zawadi. Alikuwa amewafundisha mwenyewe kwamba ni mbuzi. Sasa angewaambia nini?

Jioni ile alikaa kwenye stuli akizihesabu pini zangu. Nilimuuliza kama ni mgonjwa. Akasema hapana, anafikiria tu, kama yule mama wa shingo.

Siku ya Riwaya yenyewe, mwenye macho na aseme ukweli, ilifana. Uwanja wa shule ulijaa. Watu ambao kwa kawaida hawaketi upande mmoja wa barabara waliketi kwenye turubai moja. Kwaya iliimba sura yake ya kwanza. Wachinjaji waliisimulia yao taratibu, na hata watoto wakaacha kucheza. Wazee waliichukua ile shingo yao wakaifanya hotuba ndefu juu ya visima vya zamani na jinsi maji yalivyokuwa yakigawanywa kwa zamu, mpaka nikasahau kwamba kitabuni hakukuwa na maneno hayo. Vijana wa boda boda waliigiza, na mmoja aliyejifunga leso kuwa yule mwanamke aligeuka kwa watazamaji akauliza, "Sasa wasee, mngekuwa nyinyi mngewapea maji ama?" Watu walijibizana kwa sauti, wengine wamesimama. Mwishoni akina mama wa maziwa wakaeleza jinsi mwanamke anavyotoka alfajiri, anafungua bomba bila mtu kumwona, anaziacha funguo juu ya jiwe na kuondoka mjini. Vigelegele vilipigwa. Afisa mmoja akashika kipaza sauti na kutangaza kwamba mji wetu umesoma riwaya.

Muda wote huo nilimwona Mkutubi kwenye kiti cha plastiki pembeni, midomo inacheza. Alikuwa akiisema riwaya pamoja nao, na kila walipoacha njia, midomo yake ilisimama, ikawangoja warudi.

Watu walipotawanyika nilimkuta akipanga viti kimoja juu ya kingine. Uso wake ulikuwa umewaka. Aliniita kwa mkono.

"Bwana Kopi. Wewe uliona vipi? Alisamehe au alichoka?"

"Nani?" niliuliza.

Aliniangalia, akaelewa. Mimi nilikuwa na kipande cha katikati tu, kile ambacho mtoto anakuja na kibuyu, anasimama nje ya uzio wa waya, na mwanamke anamtazama. Yaliyotangulia niliyasikia yakiimbwa, na yaliyofuata niliyasikia kwenye vigelegele. Mji mzima ulikuwa umesoma riwaya, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeisoma. "Wacha tu," alisema. "Nisaidie na hivi viti."

Aliendelea na kazi miaka kadhaa baada ya hapo. Aliendelea kuja dukani, lakini si kila siku, na alianza kuuliza habari za watoto wangu na bei ya wino. Watu walimsalimia barabarani kwa jina jipya la heshima, Mama Riwaya, na kila mwaka waliulizana lini atachinja nyingine. Yeye alitabasamu. Sikumsikia tena akicheka dirishani. Sijui kama ni mimi sikuwa nikisikiliza, lakini sidhani. Alipostaafu hakuaga. Niliona kufuli jipya, na kijana mmoja mezani pake na tarakilishi, nikaambiwa Madam amekwenda Kinna kukaa kwa binti wa kaka yake.

Kilichonisukuma kuanza kutafuta vipande, sitaki kukipamba. Duka lilikuwa na siku za ukimya, stuli ilikuwa tupu, na yule mtoto wa kibuyu alikuwa bado amesimama nje ya waya kichwani mwangu. Nilitaka kujua kama alipewa maji. Nikaanza kuomba, jambo ambalo kila mtu alikuwa ameniambia ni aibu. Kwaya walikuwa wamekiweka kipande chao chini ya mguu wa kinanda kilichokuwa kikiyumba. Mchinjaji alicheka, akaniuliza kama njaa imenizidi, halafu akaniletea chake kimefungwa kwenye gazeti safi. Vijana wa stendi chao kilikuwa kimelowa na kuchanika, kwa hivyo walinisimulia wakiwa juu ya pikipiki zao, mmoja akisahau mwingine anadakia. Wazee hawakunipa shingo mpaka nilipokubali kuketi na kusomewa kwanza. Akina mama wa maziwa walisema, "Chukua, lakini iwe mwisho, usiombe watu tena, sasa umeshiba."

Niliisoma yote, kutoka mwanzo. Ilinichukua wiki nyingi, maana mimi ni msomaji wa polepole na wateja hawaishi kuja penye utamu. Nilipofika kwenye zile funguo juu ya jiwe ilikuwa mchana, barabara nyeupe kwa jua. Nilikaa tu. Kulikuwa na jambo nililotaka kulisema, tena kwa haraka. Nilitoka mpaka mlangoni. Mteja mmoja alikuja kutoa kopi ya kitambulisho, nikamtolea.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Kinna. Nyumba nilionyeshwa na mwanamke aliyekuwa akifungulia maji kwenye mfereji wa shamba la vitunguu. Mkutubi alikuwa nje, kwenye benchi, na ungo wa maharagwe mapajani, akichambua. Alikuwa amepungua. Hakuwa na kitabu karibu, na nilipotupa macho mlangoni sikuona kingine ila vile vya shule vya watoto.

"Bwana Kopi," alisema, kana kwamba nimevuka tu barabara. "Duka umemwachia nani?"

"Nimelifunga, Madam."

"Nyumbani wazima?"

"Wazima. Wanakusalimu." Nilibaki nimesimama, kofia mkononi, mtu mzima mwenye mvi. "Madam, nimeimaliza ile riwaya. Yote. Nilikusanya vipande."

Vidole vyake vikasimama ndani ya maharagwe. Nilingoja swali lake. Jibu nilikuwa nimelitayarisha njia nzima, na nilikuwa na sababu zangu, tena nilijua atazipinga, na nilitaka azipinge. Lakini hakuniuliza.

"Ulipofika mwisho," alisema, "ulikuwa na nani?"

"Nilikuwa dukani. Peke yangu."

"Hukumwambia mtu?"

"Nilitoka nje nikaangalia barabara. Watu walikuwa wakipita. Nikarudi ndani."

Aliitikia kwa kichwa polepole, mara nyingi. Kisha akauweka ungo chini, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, jinsi tunavyowashika watu waliofiwa.

"Pole," alisema. "Pole sana."

Hakuwa akitania. Akasogea hadi ukingoni mwa benchi kunipisha, akageuza uso kuelekea mlangoni na kumwita binti wa kaka yake.

"Weka chai, mwanangu, sufuria ile kubwa. Tuna mazungumzo na mgeni wangu, gari la jioni litamwacha."